Kabati Jeupe la Mama

Dada Wakonyo,

Huko Wang'uru unakouza mchele, mmesikia kuna fundi mpya Giakanja? Ni mimi, ndugu yako uliyesema hajui hata kushika msumari. Lile kabati la jikoni la kijani nimelikwangua kwa msasa mpaka mbao ikaonekana, nikapaka nyeupe. Mara ya kwanza sikutoa mafuta ya kupikia yaliyogandia mbao, rangi ikabanduka. Mama akacheka, "Kingori, hiyo ni rangi ama ni uji?" Nikarudia. Sasa linang'aa kushinda la mwalimu jirani.

Bawaba nazo nimezihamisha, milango ifunguliwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia wa Mama haushiki kitu tangu aanguke shambani mwezi uliopita. Daktari alisema ni kiharusi. Mama amenikataza kukuambia, na nikipiga simu hukaa kando akisikiliza, ndiyo maana naandika.

Jana alitoa kikombe kabatini mwenyewe. Lakini usiku namsikia akilitaja jina lako, si langu mimi fundi.

Funga duka uje. Akikuuliza, sema umekuja kuona kabati.

Ni mimi, fundi asiye na mpinzani,
Kingori