Bariyeri Ikishuka

Fizi, Jumamosi, 5 Novemba 1955

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama aliyekuzaa: lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi soma na unyamaze. Usipeleke neno hata moja bureau, ofisini kwetu. Wala kwa Bwana Administrateur. Na zaidi ya wote usimwambie mpishi wa Bwana, maana yule ndiye redio ya Fizi!

Habari ni hii. Baba yake Marthe, mchumba wangu, ametoa neno la mwisho. Jumapili ya tarehe ishirini, baada ya misa, nisimame mwenyewe uani kwake kule Baraka, auone uso wangu. Nisipofika, basi. Shangazi yake Marthe ana mtu wake wa Uvira, fundi wa nguo, anangoja pembeni kama paka jikoni.

Na huu ni mwezi wa mvua. Mvua ikinyesha, mzee Casimir anashusha bariyeri — ule mti mrefu unaokata barabara pale mji unapoishia — na motokari zote zinasimama mpaka changarawe ikauke. Zikipita juu ya udongo mbichi zinaichimba barabara. Inaweza kuwa siku moja, inaweza kuwa wiki.

Nimemweleza Roger, planton wetu, yaani tarishi wa bureau, ambaye pia ni mshenga wangu. Amecheka mpaka akakaa chini.

"We Albert, ile kinga ya kaka yako iko nafanya nini ukutani? Iko nakausha shati?"

Kinga ni baiskeli. Na kweli, tangu kaka aende kwenye migodi, naitumia kuanikia shati.

Nimesoma. Napiga mashine ya kuandika bila kutazama vidole. Baiskeli siijui.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimeanguka nyuma ya kanisa. Nimeanguka mbele ya kanisa. Roger anasema hayo ni maendeleo.

Bwana aliuliza kwa nini nachechemea. Nikasema niliteleza kwenye ngazi. Nyumba yangu haina ngazi! Usiku nawaza: je, akija kuitazama?

Lakini kuanguka si kitu. Ninachoogopa ni yale malori. Yanashuka mlima kwa kishindo, vumbi juu, na mashoferi wanapiga honi kwa ajili ya kucheka tu. Likinijia moja kwenye kona, nitafanya nini? Nitafumba macho. Najijua.

Alhamisi, 10 Novemba

Lo! Lo!

Mvua ilipiga mchana, ikakata saa ya kufunga bureau. Bariyeri chini. Nilimkuta mzee Casimir amekaa kwenye kibanda chake anachoma mahindi. Nikamwamkia, nikauliza kama na baiskeli inakatazwa. Niliuliza mara mbili, nisije nikaingia hatiani.

"Bariyeri iko ya kintu kizito," akasema. "Kinga iko na uzito gani? Na we, karani, uko na uzito gani? Pita, mutoto yangu, upepo isikubebe."

Nikainama chini ya mti, nikapita.

Na upande wa pili — kimya. Barabara yote imelala mbele yangu, nyekundu, imeoshwa, haina alama ya gurudumu hata moja. Hakuna honi. Hakuna vumbi. Changarawe inalia chini ya matairi kama mahindi kikaangoni. Maji yanakimbia mferejini upande wangu, nami nakimbia nayo. Nilifika kwenye kichaka cha kwanza cha mianzi bila kuweka mguu chini. Nikarudi. Nikaenda tena!

Nilijikuta naimba wimbo wa misa. Kilatini, peke yangu, kwa sauti.

Jumapili, 13 Novemba

Mvua alfajiri, jua baada ya misa. Bariyeri chini. Nimeanza kuipenda mvua, Mungu anisamehe — kuna wagonjwa wanaosubiri motokari. Lakini leo!

Nimefika mbali kuliko siku zote, mpaka ile kona ambapo ziwa linajitokeza ghafla, lote, pamoja na milima ya Ubwari ng'ambo. Nimeliona ziwa hilo tangu utoto, lakini nikiwa juu ya magunia ya lori, nimeshika kamba na nimefumba macho. Leo nimelitazama. Nikasahau breki. Nikazikumbuka.

Katika kona iliyofuata barabara ilikuwa imejaa ng'ombe. Pembe, pembe, pembe! Nikashuka haraka nikasimama nyuma ya baiskeli yangu, kana kwamba itanilinda. Mchungaji wao, mzee Sebahire, anatoka Bibokoboko na kofia yake na fimbo yake. Naye hutembeza ng'ombe bariyeri ikiwa chini. Anasema siku kama hizi barabara ni ya wenye miguu.

Akaizunguka baiskeli pole pole, akaishika usukani.

"Ng'ombe yako iko na pembe muzuri. Inakamuliwa?"

"Hapana, baba."

"Inazaa?"

"Hapana."

"Basi unaipendea nini?"

Nikasema: inanipeleka kwa mchumba. Akacheka sana, akanipa maziwa katika kibuyu. Maziwa yaliyoganda, yana harufu ya moshi. Nikanywa yote. Wakati wa kupanda mlima nilisukuma baiskeli nusu ya njia na sikuona aibu. Nani wa kuniona?

Jumatano, 16 Novemba

Roger amerudi kutoka Baraka kwa kinga yake na barua za posta. Amemwona Marthe sokoni. Marthe anasema: nije kwa kinga, nije kwa miguu, lakini nisije kwa lori nikatapika uani kwa baba yake kama siku ile ya ubatizo. Kumbe anakumbuka! Nimeona haya hadi masikio. Na nimefurahi hadi miguu.

Kisha Roger akanikumbusha jambo zito. Tangu alipopeleka lile jembe la posa nyumbani kwao na jembe likapokelewa, Mama Félicité, mama yake Marthe, amekuwa mama mkwe wangu. Mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, mpaka ndoa na zawadi yake ya kufungua njia. Hata Jumapili atakuwa ndani, nyuma ya mlango. Ukimwona njiani, unaacha njia, unaingia majani. Kumpita na kumwonyesha mgongo ni matusi. Posa nyingine zimevunjika kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Utamukuta wapi?" Roger akasema. "Ye iko Baraka. Usijitafutie woga mupya, ile uliyo nayo inatosha."

Ijumaa, 18 Novemba

Mvua mchana kutwa. Malori mawili yamekwama kwenye bariyeri, mashoferi wanapika ugali barabarani na kutukana mawingu. Mimi natabasamu. Nimetia mafuta mnyororo. Kesho kazi ikiisha naondoka, nilale kwa mjomba wake Roger kule Baraka, Jumapili niwe uani. Roger atafuata nyuma yangu na mbuzi.

Sina hofu. Nina hofu. Lakini ni ndogo.

Jumamosi, 19 Novemba. Njiani — ndani ya majani

Naandika nimechuchumaa.

Nilishuka kama mwewe! Kona baada ya kona, barabara tupu, shati limejaa upepo. Nilinyoosha miguu pande zote mbili. Nilipiga kelele za furaha, mimi! Ndipo chini kwenye daraja nikaona bamama watatu na mizigo ya ndizi, wanashuka kuelekea Baraka. Na yule wa katikati, kile kicheko — Mama Félicité. Kumbe, nawasikia sasa, alipanda kwa dada yake kuchukua ndizi za sherehe yangu, na lori la kumrudisha halikupita.

Sikufikiri. Niligeuza usukani, tukaingia majani, mimi na baiskeli, kwa kishindo.

Baiskeli nzima. Goti limechubuka. Lakini wao wametua mizigo pale pale darajani, wanaosha miguu. Pale kushoto ni jabali, kulia mto. Njia nyingine hakuna. Nikibaki nyuma yao nitatembea kwa mwendo wa ndizi, na jua linashuka. Nikipita, nimemtukana mama mkwe.

Mmoja amesema, "Majani ile iko nakohoa!"

Mwingine: "Iko majani ya bureau. Imesoma école."

Wakacheka. Kisha Mama Félicité, kwa sauti kubwa, akilitazama jabali: "Kama iko nguruwe, ipite. Kama iko mukwe wa mutu, ajue siye tunapumuzika. Hatuna haraka."

Anajua! Na hakukasirika — au amekasirika? Sijui. Lakini jambo la ajabu: nimegundua kwamba nami nacheka, humu ndani, mkono mdomoni.

Mzee mmoja anayefagia mifereji ya barabara amenikuta hapa, anapanda Fizi. Nachana ukurasa huu nimpe ampelekee Roger. Roger, ni wewe. Soma kuanzia hapa tu, tafadhali.

Utakavyonifikia: mwachie mzee Casimir mbuzi, uje na kinga yako. Pita kona ya ziwa, pita mahali udongo ulipoporomoka. Kabla ya daraja utaona alama ya gurudumu moja, hakuna nyingine barabarani — inaacha njia na kuingia majani upande wa kushoto. Mwisho wa alama ni mimi. Usiniite. Wewe ni mshenga, una ruhusa ya kusema naye: nenda darajani kwanza, umwamkie vizuri, umwombe ageukie mto na kujifunika kitenge, mkwe wake apite. Akikubali, piga kengele. Nitashuka mlima bila breki.

Akikataa, piga vilevile. Nitakuja nikisukuma, nyuma yao, na ndizi zao juu ya baiskeli yangu.