Makaburi Matatu

Jumatatu, 1 Aprili 1935

Mvua tangu alfajiri. Nimesafisha daftari la chama chetu cha kuzikana. Ukurasa wa wanaoomba kuingia una jina moja tu: Feruzi, hamali wa sokoni. Sheria yetu Kariakoo nzima waijua. Mgeni achimbe makaburi matatu kwanza, ndipo aandikwe. Feruzi keshachimba matano. Hana ndugu mji huu, anaogopa kufa akazikwa na serikali kama mbwa. Kila tukikutana ananiuliza kama bado. Namwambia bado. Namwonea haya.

Ijumaa, 5 Aprili

Baada ya sala mwenyekiti wetu, Bwana Mahfudhi, kaniletea karatasi. Majina ishirini na mawili. Niwaandike leo leo. Na uchaguzi wa mwenyekiti ni keshokutwa! Hata mtoto angeelewa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutushikia jembe. Wengi ni wapangaji wake, mmoja ni kinyozi wake. Nikauliza, na Feruzi je? Eti hajulikani atokako. Amewazika watu wetu watano, hajulikani. Nimeona kinyaa.

Nikasema sheria ni makaburi matatu. Hakukasirika. Akaniuliza taratibu, "Na wewe, karani, ulichimba lini?"

Sikuchimba. Nilisamehewa kwa sababu najua kuandika. Mwaka wa sita huu. Mlango wanaoingilia hawa nilifunguliwa mimi kwanza.

Nimewaandika wote. Kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 6 Aprili

Chakula hakipiti. Najichukia.

Jumapili, 7 Aprili

Uchaguzi. Wageni wamejipanga mbele, hata majina yetu hawayajui. Mikono ikapanda pamoja, ikashuka pamoja. Bwana Mahfudhi kashinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema watu. Hapa kapona mwenyeji mmoja. Feruzi alisimama nje mlangoni, maana asiyeandikwa haingii. Ikaletwa pilau. Wazee wetu waliokuwa wakinung'unika wakanawa mikono wakala. Nami nikala. Nyama ilikuwa nzuri, ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 10 Aprili

Mama yake Bwana Mahfudhi kafariki asubuhi. Mungu amrehemu, yeye hakumkosea mtu. Mvua haikukatika. Katika wale ishirini na wawili wamekuja watatu, na miamvuli yao. Kinyozi mgongo unamuuma. Kaburi likawa linajaa maji, kuta zinaporomoka, watu wanatazamana. Aliyeshuka ni Feruzi. Hakuitwa na mtu. Kachota maji kwa debe, kachimba mwanandani wa kumlaza maiti peke yake, tope mpaka kiunoni, kisha kampokea mama wa watu kwa mikono miwili kama mama yake mwenyewe.

Mimi nilimshikia mwenyekiti mwavuli. Mwavuli, mimi mtu mzima!

Nilidhani leo angalau atalainika. Wakati wa kurudi kaniambia suala la Feruzi tutalitazama. Nilitamani kumtemea mate. Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana."

Ijumaa, 12 Aprili

Jua limetoka kidogo. Feruzi kaja kwenye chumba cha chama kuchukua jembe lake. Siku zote alikuwa akiliacha humo pamoja na majembe yetu. Nikamwambia asiondoke, namwandika sasa hivi, mwenyekiti apende asipende. Nikafungua daftari kabisa. Akatikisa kichwa. Akalipangusa tope jembe lake kwa kitambaa, taratibu, hana hasira.

"Ukisikia nimekufa, njoo wewe," akasema. "Chama kiache."

Nikamwambia nitakuja. Akaitazama mikono yangu, akaaga, akaenda zake.

Alasiri nimepita kwa Mhindi wa mtaa wa pili, nimenunua jembe na mpini wake. Akaniuliza shamba langu liko wapi. Nimemwambia sina shamba. Nimelisimamisha nyuma ya mlango.