Gitaa la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Kidonge: nimemeza.

Daftari hili kaniachia mke wangu. Miezi mitatu sasa, tangu aende kwa binti yetu aliyejifungua. Kaniambia niandike humu kila siku kama nimemeza kidonge cha presha. Sasa kidonge ni neno moja, na ukurasa mzima unabaki mtupu. Niutupe? Shule mimi sikuona hata mlango wake. Kusoma nilijifunza kwenye makasha ya redio, kuandika nilijifunza kwenye vibandiko vya wateja: Inakoroma. Haisemi. Inasema ikipigwa kofi. Mpaka leo naandika hivyo hivyo.

Basi andika: gitaa la kushoto limepotea.

Nilifunga kibanda mapema, nikaingia ndani, nikawasha amplifaya yangu. Nikangoja taa zishike moto. Nne kubwa, mbili za kushoto, mbili za kulia, na vitoto viwili mbele. Wenye vitabu wanaziita valvu. Mimi naziita taa, na zenyewe hazijawahi kulalamika. Niliiunda kwa mikono hii kutoka kwenye mashine ya sinema iliyofungwa, mwaka binti yetu anaota meno. Nikaweka santuri ile ya tarumbeta na magitaa mawili. Gitaa la kulia lipo. Tarumbeta ipo katikati, inajidai kama mimi. La kushoto — kama mtu anapiga chumba cha pili na mlango umefungwa.

Na ndilo gitaa lake, mama watoto. Tukisikiliza, kiti chake kiko kushoto kwangu, na yeye tarumbeta haimhusu. Anafuata lile gitaa dogo ambalo hakuna anayeliangalia, analiimba puani. Miaka thelathini na nane analiimba puani. Nilikuwa namwambia anyamaze.

Taa moja imechoka, hakuna kingine. Kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Kidonge: ndiyo.

Bwana aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja: kabla hujalaumu, hamisha. Ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Ugonjwa ukihama na taa, taa ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, mkosaji ni mwingine.

Sheria nzuri sana — kwa wanafunzi. Masikio haya yanataka sheria ya nini? Kuna waziri mmoja, jina silitaji kwa sababu nimelisahau, aliniletea redio kwa gari la serikali. Mafundi watatu wameshindwa. Mimi sikuifungua hata skrubu. Nikasema iwasheni, nikageukia ukuta, nikawaambia: taa ya pili kutoka nyuma, mguu mmoja haushiki. Wakafungua. Mguu mmoja haushiki! Waziri akacheka mpaka dereva akaogopa. (Mwanzoni alikuwa mkuu wa kituo cha posta. Amepanda cheo kidogo kidogo kila ninapohadithia.)

Basi leo nimesikiliza, nikahukumu. Taa kubwa ya kushoto, ya nyuma. Nimeichomoa, nikampa Cherehani, mama mshonaji wa kibanda cha jirani. Anaiingiza ndani ya soksi, anatililia tundu juu ya kioo. Kasema ndiyo zawadi ya kwanza kutoka kwangu tangu tuwe majirani, na ni takataka.

Mke wangu kapiga simu. Sikio la kushoto, kama kawaida yangu, maana mkono wa kulia siku zote una chuma cha lehemu. Sauti yake imekuwa ndogo. Kama yuko chini ya sufuria. Nikamwambia asemee simu, siyo ukuta. Kasema anasemea simu.

Zamani sauti yake ilikuwa inavuka barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Kidonge: ndiyo, na chai.

Nimefungua kabati lake. Ndani, kwenye kitambaa chake cha kichwa cha bluu, ndimo tulimoweka pea ya mwisho. Taa mbili mpya, pacha, hazijawahi kuona moto. Miaka ishirini na saba zimelala kwenye kitambaa kile. Tulisema tutaziweka siku maalumu. Siku maalumu zimepita nyingi tu — harusi ya binti, kustaafu kwa shemeji — kila mara mmoja wetu anasema bado.

Kitambaa kina harufu ya mafuta yake ya nywele. Nimekaa pale kitandani kidogo. Siyo kwa sababu yoyote. Magoti.

Vijana wananiuliza, mzee, redio ndogo kama sabuni inapiga kuliko hilo sanduku lako, taa za nini? Nawaambia, transista ukiizidishia inapasuka kama mtu aliyetukaniwa mama. Taa ukiizidishia inalainika, inakuomba radhi kwa utamu. Halafu inataka ungoje. Huwezi kuiamrisha. Unawasha, inakohoa, inaona aibu, inakuwa nyekundu, ndipo inasema. Ukiiwekea mkono juu ni joto kama paji la mtoto anayelala. Mtu akiimba, yumo chumbani, unataka kumvutia kiti. Na inakufa kidogo kidogo kila siku unayoitumia, unajua inakufa, ndiyo maana unakaa usikilize, hufagii huku inapiga.

Maneno hayo ya mwisho siyo yangu. Ni yake. Nimeyatumia kwa wateja miaka mingi bila kusema.

Nimeweka pea. Nimengoja. Tarumbeta — mwanangu! Kama imefuliwa. Gitaa la kushoto, hamna.

Jumapili, 9 Machi

Kidonge: ndiyo.

Kapiga tena. Kaongea kirefu, mimi sikupata hata nusu. Kule mbali, kule chini ya sufuria. Mtu akiongea kirefu hivyo huwa anahadithia kituko cha mjukuu, basi nikacheka. Nikamwambia habari za taa, na pea ya mwisho, na soksi ya Cherehani. Kisha kasema "haya", au kitu cha ukubwa huo.

Zamani nikimaliza hadithi anasema, mwongo wewe. Leo hata uongo hakunipa.

Jumatano, 12 Machi

Kidonge: nusu, kilivunjika.

Nimekubali. Nimefuata sheria ya marehemu, kama mwanafunzi.

Nimehamisha taa: ugonjwa umebaki kushoto. Nimehamisha waya: gitaa lake likaja kulia, zima kabisa, na la kulia likaenda kufia kushoto. Nimehamisha spika zenyewe, mgongo umelia kuliko spika: umebaki kushoto. Basi taa hazina kosa. Niliyompa Cherehani haina kosa! Nimehukumu bila shahidi.

Nimemwita Cherehani asikilize, akae kiti changu. Akasikiliza na sindano mdomoni. Kasema magitaa yote mawili yapo, sawa kwa sawa. Nikamwambia hayo ni masikio ya cherehani, yamezoea trrrr. Hapo akatoa sindano.

"Mzee, mimi nakaa kushoto kwa kibanda chako mwaka wa sita. Tangu mwaka jana nakusalimia asubuhi, hunijibu. Nilisema ngoja, labda mke amemwachia kununa."

Nikamwambia salamu zake anazimeza. Akaenda zake.

Kimebaki chumba. Nimeondoa pazia la kushoto. Nimesukuma kabati. Bado. Kimebaki kiti chake. Mtu akiwa kitini sauti inampiga inarudi, kiti kitupu kinameza. Kweli! Fundi yeyote anajua. Nimekitoa nje barazani.

Bado. Na chumba kikawa kibaya mno bila kile kiti. Nimekirudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe wa simu kutoka kwa binti. Nimeusoma mara nne, naunakili hapa ulivyo:

"Baba shikamoo. Jumapili mama alikuuliza kama unataka arudi au akae huku. Alikwambia wewe ndiye useme. Wewe ukacheka, ukamwambia habari za taa. Tangu siku hiyo halii ila haongei. Jana katoa nguo zake kwenye sanduku, kazipanga kabatini kwangu. Baba, hata kama ni utani, huu siyo."

Hakuniuliza! Mimi na masikio haya? Waziri mzima! Wamekaa huko wakatunga, mama na mwana. Mwanamke hataki kurudi, anatafuta pa kuegemea.

Sikujibu.

Nguo kapanga kabatini.

Jumapili, 16 Machi

Vidonge: viwili, cha jana na cha leo. Naandika mchana, na mkono hauendi sawa, utaona kwa nini.

Asubuhi nilitaka kurudisha taa za zamani, pea yetu niifunge tena kwenye kitambaa chake. Nikaenda kwa Cherehani kuomba ile taa. Safari hii nikasimama mbele yake uso kwa uso, nikamsalimia mimi kwanza. Akaichomoa kwenye soksi, akaipangusa kwa gauni la mteja. Hakunicheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaweka taa zote za zamani. Santuri ikawa inazunguka. Nafunga kifuniko, skrubu ikaponyoka, ikabingirika huko kwenye kiti chake. Nikapiga magoti kuitafuta, uso kwenye kiti, mgongo kwenye spika.

Na gitaa la kushoto likaja.

Lote. Kila waya. Lile dogo, la kujificha, linalopanda ngazi tatu halafu linashuka mbili kama mtu aliyesahau kitu chumbani. Likanipiga nyuma ya sikio la kulia. Tarumbeta kwa kulia tena, na lile gitaa jingine, la siku zote, limekwenda chini ya sufuria.

Nikageuka mbele. Likapotea. Nikageuka nyuma. Likarudi. Nimegeuka mara ngapi sijui, mzee wa miaka sabini na moja anazunguka sakafuni kama santuri.

Nimehamisha taa, waya, spika, pazia, kabati na kiti. Kitu kimoja tu sikukihamisha. Mganga hajigangi.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole: dunia ikafunga duka. Nikaziba la kushoto: hakuna kilichobadilika.

Cheka sasa, mzee wa waziri. Nilicheka kweli, kidogo. Halafu nikakiona kiti.

Kiko kushoto. Alikaa pale mwaka mzima, huenda miwili, ananiambia mambo. Nami natazama taa. Alikuwa anauliza, sijibu. Anaimba puani, simwambii tena anyamaze. Nilidhani ameacha mwenyewe! Nikasema, uzee huo, watu wanatulia. Na siku ya kuondoka, mlangoni, begi lake liko mkono wangu wa kushoto, yeye yuko upande huo huo. Alisema kitu. Kirefu, siyo kwaheri. Mimi nikapunga mkono, nikamwambia usisahau chaja.

Usisahau chaja.

Nimempigia. Simu sikio la kulia, na kalamu mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto umevuka uso mzima, nimejifunga kama mzigo wa kuni. Akapokea. Yallah, sauti! Karibu hivyo! Ina mkwaruzo mpya, ameanza kuzeeka kooni na mimi sikuwepo.

Nikasema, "Mimi hapa. Nimebadilisha sikio."

"Umebadilisha nini tena? Taa?"

"Sikio, mama. La kushoto limeungua. Sijui tangu lini. Jumapili sikusikia neno lako hata moja, nilicheka kwa heshima tu."

Kimya. Kimya cha kweli, siyo cha sikio, sasa najua tofauti.

"Mwongo wewe," akasema. Lakini polepole, kama anayejaribu mlango.

Nikamwambia mlangoni ulisema neno, lile nalo sikulisikia, lirudie, halafu na lile swali la Jumapili liulize upya, nina jibu, nimelishika hapa. Mjukuu akaanza kulia. Kasema ngoja. Kaweka simu mezani.

Nangoja. Naandika haya simu ikiwa sikioni. Nasikia kila kitu. Kijiko kimeanguka. Binti anauliza ni nani huyo. Kandambili zinakwenda, zinasimama. Mtoto bado analia. Sasa anambembeleza, anaimba puani — ngazi tatu juu, mbili chini. Gitaa la kushoto. Anamwimbia mtoto gitaa la kushoto, huko kote mbali, na mtoto ananyamaza.

Taa bado zinawaka. Sijazizima, wala sitazizima.

Kandambili zinarudi. Amefika mezani. Anaokota simu. Anavuta pumzi, naisikia, anavuta ile ya mtu mwenye maneno marefu, anase—