Uso wa Mstari wa Mbele

Jumapili, 3 Agosti

Kachaguliwa! Mstari wa mbele, wa kwanza kabisa kulia. Kanipigia mwenyewe mchana huu, nina povu hadi viwikoni, simu nimeibana kwa bega.

Siku watakayohitimu mafunzo ya jeshi, kambi yote ikipita mbele ya mgeni rasmi, mwanangu ndiye mwanzo wa mstari. Wengine wanageuza shingo kumtazama yeye ndipo wanyooke. Nikamuuliza, wote? Akasema wote, Mama. Huyu huyu niliyemzaa katanguliza miguu, mkunga akasema sijui kama atatembea. Leo wanaume wazima wananyooka kwa kumtazama yeye.

Sauti ilikuwa chini kidogo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema ni uso tu, vipele vya wembe, vile vya siku zote. Kambini wanataka kidevu kama kiganja kila alfajiri. Kuna sajini anapitisha pamba shavuni, pamba ikinasa popote unarudi bombani ukanyoe upya. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia vipele ni ujana, baba, vitaisha.

Gwaride ni Jumamosi tarehe 30. Jirani wa kushoto nimeshamwambia. Wa kulia hakuwepo, kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Hospitali nzima inajua sasa, kuanzia getini mpaka kwetu chumba cha kufulia. Mwenzangu wa pasi, huyu tunayemwita Mvuke kwa kuwa hasira zake zinapanda na kuisha upesi, kasema leo shuka zikunjwe kijeshi, kona kwa kona, mama wa mkubwa yupo. Tukazikunja hivyo hivyo. Zilipendeza.

Jioni nikapita kwa wifi yangu. Sikwenda kujisifu, nilikwenda kumwalika. Dada wa marehemu mume wangu, haki yake.

Nikamweleza. Akaendelea kuchambua mboga zake kama sijasema kitu. Halafu, "Yule aliyekuwa akinyolewa kichwa analia mpaka mtaa wa pili? Huyo ndiye asimame mbele? Mbele ya sufuria labda."

Nikameza. Nikamwambia, wifi, uje uone kwa macho yako.

"Nakuja. Na mume wangu, na watoto. Na usinikalishe nyuma."

Haya. Utakaa mbele mpaka jasho la askari likurukie.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari la abiria la kukodi limepatikana na limeshajaa. Mvuke anakuja. Majirani wa pande zote mbili. Fundi aliyemshonea sare ya shule anakuja, anasema mabega yale kayapima yeye kwanza.

Mtoto hajapiga simu. Simu zao hukusanywa, wanapewa kwa zamu. Nimepangusa picha ya baba yake pale ukutani. Ndevu zile! Nyeusi, zimejaa, mwanamume hasa. Angekuwepo angejifanya hajali, kisha angekwenda chumbani kulia.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo moyo umeniruka. Mlango unagongwa, nafungua, mwanangu. Na begi. Na ndevu.

Si nyingi, lakini ndevu. Zimeota vipande vipande kama shamba lililoliwa na panya. Jirani wa kushoto alikuwa anafagia mbele ya nyumba, akasimamisha ufagio. Nikamvuta mtoto ndani. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, wamekufukuza?

"Hapana, Mama. Ruhusa ya siku mbili tu. Jumapili narudi."

Nikakaa chini kwanza. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasimama, maana kesho asubuhi wifi anakuja, nimeshamtumia habari kwamba askari wangu yupo. Akimkuta hivi atapata la kusema mpaka siku ya kuzikwa kwangu.

Akaanza, "Mama, hizi ndevu, daktari wa kambi..." Nikamwambia utaniambia ukishanawa. Nikachemsha maji. Nikatoa wembe mpya kwenye boksi. Akaanza tena. Nikasema maji yanapoa.

Aliutazama ule wembe. Halafu akavua shati, akaenda kukaa mlango wa nyuma penye mwanga, mimi nikamshikia kioo. Ndivyo alivyo mwanangu. Sijapata kumwambia kitu mara tatu. Alipofika shingoni alifumba macho. Nikamwambia fumbua, utajikata. Akasema hapa naijua njia.

Uso ukatoka safi, unang'aa. Nikampaka mafuta. Huyo sasa ndiye askari wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wifi kaja mapema, kavaa vizuri lakini hataki ionekane kavaa. Mtoto alikuwa na leso shingoni, anasema joto. Wifi kamzunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Simama nikuone."

Akasimama. Kisigino kikaita. Mwanangu akisimama, chumba kinakuwa kidogo. Wifi akanyamaza, na wifi kunyamaza ni kama mvua ya kiangazi. Mwishowe akasema, "Kaka yangu sikuwahi kumwona kanyoa kidevu. Huyu wa kunyoa kamrithi nani?" Nikajibu kajirithi mwenyewe. Nilifurahi sana. Naandika nilivyofurahi kwa sababu haikufika jioni.

Mchana nikaenda uani kutafuta ndoo. Nikaikuta imefunikwa. Ndani kuna foronya ya kitanda chake, kailoweka mwenyewe. Kwenye maji ya moto.

Damu hailowekwi kwenye maji ya moto. Inapikika, inashika uzi, haitoki tena. Mtoto wa dobi, tangu tumboni anasikia mashine, hajui hilo. Nikaitoa, nikaitandaza juani. Madoa madogo madogo, kama mtu kamwaga mtama. Na mengine si damu, ni ya manjano. Mimi natofautisha doa la jeraha na doa la kidonda kabla sijavaa miwani.

Nikamwita. Nikamwambia vua leso.

Sitaandika shingo ile ilivyokuwa.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Daktari wa kambi kamkataza wembe mpaka gwaride. Sajini alikubali kwa shingo upande, apumzike wiki hizo zote uso upone, siku yenyewe anyoe mara moja, asimame mahali pake. Uso ulikuwa umeanza kutulia. Wenzake walimwita Mbuzi, akavumilia. Ilikuwa bado kidogo tu.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia?

"Nilianza kukwambia, Mama. Ukasema maji yanapoa."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi nilimpeleka kazini kwangu. Daktari wa ngozi alikuwa zamu, yule mama mfupi, makoti yake napiga pasi mimi. Nilimwomba amwone kabla hajarudi kambini. Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

Akasema nywele zake zimejikunja toka mizizini. Zikikatwa karibu na ngozi zinabaki na ncha kama sindano, zikikua zinapinda zinarudi ndani ya nyama. Mwili unazipiga vita kama miiba. Dawa ya kwanza ni kuziacha ziote, baadaye apunguze kwa mashine, asifike chini. Akampa krimu na vidonge.

Kisha akabonyeza chini ya taya. "Hapa pameanza kuwa pagumu. Na hapa. Mkipitisha wembe juu ya ngozi hii mwezi huu, vitakuwa vivimbe. Vivimbe vya namna hii ukivikata vinarudi vikubwa zaidi. Havitoki, mama."

Nikamwambia najua. Akashangaa, unajua?

Kile kivimbe nimelala nacho miaka yote ya ndoa. Kilikuwa chini ya taya ya mume wangu, upande wa kushoto, kigumu kama korosho, ndevu zimekifunika. Usiku mkono wangu ulikuwa ukikikuta. Aliwahi kuniambia ni wembe wa ujanani, basi, akageukia ukutani. Na mimi nikawa natamba na ndevu zake mtaani.

Njiani kwenda stendi mtoto kanieleza lililobaki. Asiponyoa, hafukuzwi, atahitimu kama wengine. Ila gwaride atalisikia kwa masikio. Atakuwa ghalani anahesabu magodoro, na mwingine atasimama kulia. Akinyoa, anasimama.

Nikamuuliza, wewe unataka nini?

Akasema, "Nilikuwa nataka unione."

Gari likaja.

Jumatano, 20 Agosti

Sijamwambia mtu.

Mvuke kauliza avae viatu gani, kuna vumbi huko? Nikamwambia avae vya chini. Kwa hiyo hata uongo sijasema.

Foronya nimeiloweka kwenye maji baridi na chumvi. Nimeisugua kwa sabuni ya kipande. Nimeianika ikiwa na povu. Mengi yametoka. Moja limekataa.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo nilikwenda kwa wifi kumwambia ukweli. Nilijipanga tangu asubuhi. Ningesema, wifi, mtoto uso umeharibika, nimeuharibu mimi kwa ajili yako, hatasimama. Maneno machache tu. Mtu anaweza kuyasema akiwa amesimama mlangoni.

Nikakuta watoto wake wanapiga kwata ukumbini, wa mwisho kavaa sufuria kichwani. Mume wake anawahesabia kushoto kulia, anakosea. Wifi kanitolea gauni jipya, kalitandaza kitandani nilione.

"Sokoni wananiuliza, wewe unajipamba kwenda wapi? Nawaambia mtoto wa kaka yangu atakagua jeshi."

Nikamwambia hakagui, anakaguliwa.

"Yote kukagua tu." Kisha akakaa karibu yangu, jambo ambalo halifanyi. "Wifi, nimekusema sana. Kaka alipofariki nilisema huyu mtoto utamlea legelege. Nilisema kwa watu. Umemzalia kaka yangu mtu. Jumamosi nikimwona pale mbele, nitaona kaka kasimama."

Macho yalikuwa yamemjaa. Wifi yangu! Miaka yote hii nimemtafutia neno la kumnyamazisha, leo kanipa yeye neno nikanyamaza mimi.

Nikanywa chai. Nikasifu gauni. Nikarudi.

Jumatano, 27 Agosti

Kapiga. Jioni hii, nimetoka kuoga.

Uso vipi? Unatulia, Mama, vidonge vinasaidia, vile vigumu bado vipo. Unakula? Nakula. Wanakuitaje? Bado Mbuzi. Tukacheka kidogo wote wawili, cheko la kusukuma muda.

Kisha akasema sajini anataka jibu. Mstari unafungwa Jumamosi alfajiri kwa pamba ile ile. Akasema, "Mama, wewe unasemaje?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu kwa daktari, nalala nalo, naamka nalo. Usinyoe. Neno moja. Badala yake nikasema, uamuzi ni wako, baba, wewe mtu mzima sasa. Nikajiona nimesema la busara.

Nyuma yake nasikia wenzake wanagombania zamu ya simu. Akauliza, "Wangapi wanakuja?"

Nikasema gari limejaa.

"Na shangazi?"

Na shangazi, kashona gauni.

"Basi, Mama."

Mtu akapiga kelele zamu imekwisha, simu ikakatika.

Hiyo basi nimeigeuza kama shuka, upande huu na upande huu, nione doa liko wapi. Basi, nimeelewa. Basi, nanyoa. Basi, usijali. Mtoto wangu basi yake naijua. Ndiyo aliyoisema kwa uso wake mlango wa nyuma, nilipomwambia maji yanapoa, akavua shati.

Nikampigia. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Wanarudishiwa Ijumaa jioni.

Ijumaa jioni nitakaa na simu mkononi. Sitasalimia. Nitasema usinyoe, kaa ghalani, hesabu magodoro yako, mimi nitakuja kukaa nawe humo humo. Hilo usinyoe nililifanyia mazoezi mchana kwenye pasi, kabla hajapiga, Mvuke akauliza unaongea na nani. Picha ya baba yake inanitazama hapa na ndevu zake. Leo naona mkono wake umeegemea pale pale chini ya taya. Miaka yote nilidhani ni pozi.

Kabla sijaandika mstari huu mlango umegongwa. Wifi, kamtuma mtoto wake wa mwisho, yule wa sufuria. Kasimama kakamaa, mkono kwenye paji la uso. Mama anauliza, gari linaondoka saa ngapi?

Nilifungua mdomo niseme mwambie mama yako aje, nina neno naye.

Nikasema saa moja kamili, asichelewe.

Mtoto kageuka kijeshi, kaondoka anahesabu kushoto kulia peke yake mpaka kona. Foronya nimeipiga pasi, nimeikunja doa likawa ndani, nimeiweka juu ya mto wake. Ijumaa jioni, simu. Jumamosi saa moja asubuhi, wote wako hapa mlangoni.