Nilimwaga Oili ya Trekta Kabla Mpya Haijafika, Sasa Mtu Yuko Ndani

Mutuka, Babati
2 Mei 1983

Mama Mektilda mpendwa, shikamoo. Nakusoma kila gazeti linapofika huku kwetu, hata likiwa la wiki mbili nyuma, na leo naomba unisaidie mimi, maana nimefika mahali ambapo siwezi kumwambia mke wangu wala padri, na jina langu tafadhali usiliandike.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, dereva wa trekta, na trekta lenyewe si langu, ni la mama mjane anayeitwa Genoveva, aliachiwa na marehemu mume wake Paskasi pamoja na watoto watano, ni trekta la zamani ambalo Paskasi alilipata likiwa limeshachoka kutoka shamba kubwa la ngano, na mimi ndiye niliyekuwa nikilimia watu mashamba yao, wao wanamlipa yule mama magunia wakati wa mavuno, na hicho ndicho chakula cha nyumba yake mwaka mzima.

Mwezi wa pili gia zilianza kulia, na nilipochomoa kijiti cha kupimia nikakuta oili ya giaboksi imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia, nadhani ni siku tulipovuka mto, nikamwambia Mama Genoveva oili hii lazima ibadilishwe, na wewe unajua hali ilivyo, sabuni tu ni foleni, sembuse oili ya gia, akahangaika wiki sita na vibali, anakwenda ofisi hii anarudishwa ile, mpaka Jumanne moja akaja amefurahi akaniambia, "Baba Severine, wamesema dumu letu linakuja Alhamisi na gari la mizigo."

Hapa ndipo nilipoharibu, mama. Jumatano nilikuwa nimetoka kulima, giaboksi ina moto, na oili ya moto hutoka vizuri pamoja na uchafu wake, nikaona niimwage kabisa ili Alhamisi iwe ni kujaza tu, tena watu walikuwa wamesimama wanatazama, na mimi napenda kutazamwa nikishika spana, nikafungua nati ya chini ikatoka yote kwenye karai, jirani mmoja akaiomba apake nguzo za nyumba yake kwa sababu ya mchwa, nikampa. Alhamisi gari likaja bila dumu. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi mvua ikanyesha, ile tuliyoingoja tangu Krismasi, na watu kumi na wanne wakawa mlangoni kwangu wanauliza trekta linatoka saa ngapi.

Ningesema ukweli siku ile wangenitukana, yakaisha. Badala yake nilikwenda mjini kwa Shomari, mfanyabiashara ambaye lori lake limewekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, nikamweleza, akaingia stoo akatoa kopo la lita nne la oili safi ya gia aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya lori hilo, nikamuuliza nimlipe nini, akasema, "Paskasi alinivuta kwenye matope mara mbili na hakutaka kitu. Chukua. Lakini haitatosha, giaboksi ile inataka kama mara sita ya hii. Usilitembeze mpaka ujaze." Nikamwambia nimeelewa. Nilipofika nyumbani nikaongezea oili chafu ya injini niliyoichuja kwa kitambaa, bado haikugusa hata alama ya chini ya kijiti, nami nikaliwasha.

Nililima siku tatu upande wa Nakwa, siku ya nne likapiga kelele ya chuma kinachosagwa, likasimama katikati ya shamba, gia haiingii wala haitoki, na mpaka leo liko pale linanyeshewa. Watu wakajaa, Mama Genoveva akaja mbio bila viatu, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Yoakimu, akaniuliza mbele ya wote, "Hii oili uliipata wapi?" Nikasema kwa Shomari. Akauliza, "Ilikuwa nzuri?" Nikasema, "Sijui alichanganya nini."

Maneno matatu tu, mama. Na huu ndio wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Siku mbili baadaye mgambo walipekua duka la Shomari, wakakuta mifuko miwili ya sukari na katoni ya sabuni, wakamchukua, sasa yuko ndani, na watu wanasema ndiye aliyeua trekta la mjane. Wiki iliyopita mke wake, Mosi, alikuja kwangu kwa miguu, mtoto mgongoni, wala hakuja kugomba, alisema, "Kaka, wewe peke yako ndiye uliyekuwepo alipokupa ile oili. Nenda ukawaambie alikupa bure." Nikamjibu nitafikiria. Akasema asante. Alisema asante, mama!

Mama Genoveva analima kwa jembe la mkono yeye na watoto, hawajafikisha hata robo eka, na kila tukikutana ananiambia, "Pole, Baba Severine, hilo trekta limekutesa sana." Nikisema ukweli watanikamata mimi, na nina watoto wanne. Nikinyamaza mtu anaozea ndani kwa wema wake. Nimefikiria kuhamia Kiteto kwa ndugu yangu, nimefikiria na mengine ambayo siyaandiki hapa. Nifanye nini?

Mimi Mkosefu

MAMA MEKTILDA ANAJIBU

Ndugu Mkosefu, marahaba. Majina yote nimeyabadilisha, ingawa watu wa kwenu si wajinga, watajua. Barua yako uliiandika tarehe mbili na mimi nimeipata tarehe ishirini na tano. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi mwenzako amelala sakafuni wakati unangoja mimi nikufikirie.

Nianze na hayo "mengine" usiyoyaandika. Nimekuelewa, na nakukataza. Ukijiua, shahidi pekee wa Shomari amekufa, na watoto wako wanne watarithi uongo wako bila wa kuusahihisha. Mzigo huo usibaki nao peke yako hata siku moja zaidi. Mwambie mkeo. Kisha nenda kwa padri, ndiyo kazi yake, hatashtuka kama unavyodhani.

Pole nakupa moja. Kumwaga oili mapema ni haraka na majivuno, si uhalifu. Nilimuuliza fundi mmoja wa matrekta, mtu mzima, akacheka kwa huzuni akasema na yeye aliwahi. Tangu hapo, anasema, nati ya chini haigusi mpaka dumu la oili mpya liko miguuni pake limefunguliwa, hata aapiwe na nani kwamba gari linakuja kesho. Na alisema jambo jingine ambalo litakuuma: lita nne zile za Shomari ndizo zilizokupa hizo siku tatu. Bila hizo lingekufa siku ya kwanza.

Kwa hiyo tusidanganyane. Trekta uliliua kwa pupa, lakini Shomari ulimtoa kafara ukiwa na akili zako timamu. Uliulizwa, ukapata nafasi ya kuvuta pumzi, ukachagua. Tena unaniandikia "watu wanasema", kana kwamba watu hao walijifundisha wenyewe la kusema!

Sasa sikiliza. Nenda kwa mzee Yoakimu, mwombe awaite wote waliokuwepo shambani siku ile, na Mama Genoveva awe mbele. Uongo uliosemwa hadharani hausahihishwi chumbani. Sema oili ilikuwa safi, sema alikupa bure, sema alikuonya na wewe ukaliwasha. Usitaje mvua, usitaje wale kumi na wanne waliokusubiri mlangoni. Ukimaliza, uende na balozi huyo huyo mahali Shomari alipowekwa, uombe maelezo yako yaandikwe, utie sahihi, na mzee Yoakimu atie yake.

Watamwachia? Sijui, na sitakudanganya. Sukari na sabuni hazihusiani na giaboksi, na mlango ulioufungua kwa maneno matatu huenda usifungike hata kwa maneno elfu. Inawezekana wakakuweka ndani na wewe pia. Nenda hivyo hivyo.

Kwa Mosi usiende kuomba msamaha. Bado. Mwambie tu maelezo umeyatoa wapi na siku gani, ili ajue pa kufuatilia, kisha ondoka. Akitaka kukusamehe anajua unakoishi. Asipotaka, ni haki yake, usije ukaniandikia kulalamika.

Trekta lisiwashwe tena kwa kujaribu, wala lisivutwe gia ikiwa imenasa. Lifunikwe, fundi afungue giaboksi aone meno yaliyobaki. Fundi wangu hana matumaini, na hata yakiwepo, vipuri viko wapi siku hizi? Basi acha kulitazama. Azima maksai na plau, ushike wewe mwenyewe, ulime shamba la Mama Genoveva kabla hujagusa lako. Wakati wa kupanda mahindi umeshapita. Dengu inaweza kuwahi unyevu huu wa mwisho, na magunia machache ya dengu si chakula cha mwaka, lakini watoto watano hawataulizana nani ale leo na nani kesho. Atakapojua ukweli huenda asikutake shambani kwake. Lima akikuruhusu, na akikufukuza, waachie wenye maksai waendelee, wewe ukae mbali.

Kiteto usiende. Ukiondoka sasa, Shomari atahukumiwa kwa kukimbia kwako pia.

Huna haja ya kungoja ujasiri, ndugu yangu. Hautakuja, na wanaosema ukweli wengi husema wakiwa bado wanaogopa. Mkeo yuko jikoni. Anza naye sasa hivi.