Kuhusu Daktari Unayemlaumu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kikohozi cha kitinda mimba wenu kimepungua. Sisi tunajikongoja. Mama anakula kidogo, kisha anatandika kitanda cha Baba kama kawaida, na hakuna anayethubutu kumzuia.

Shangazi ameniambia unataka kumshtaki daktari, kwamba umeapa yule bwana alimwacha Baba afe huku mashine ya kuushtua moyo kwa shoti ya umeme iko kando ya kitanda. Kaka, usifanye hivyo kabla hujanisikiliza. Unajua mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hospitalini humo humo. Siku ile niliacha wodi yangu nikasimama karibu na Baba mwanzo hadi mwisho.

Alifika moyo ukienda mbio kupita kiasi, presha inashuka, jasho linamtoka, lakini akili timamu na mdomo wake ule ule. Daktari alimweleza kwamba dawa ya dripu huchukua muda na huenda isifue dafu. Kwa presha ile, bora apigwe shoti upesi ili moyo urudi kwenye mwendo wake. Baba akacheka. Akasema fundi umeme mzima kama yeye amekula shoti nyingi kuliko chakula, tena bila kuandikiwa na daktari. Hata daktari, pamoja na kukunja uso kote kule, alicheka.

Lakini alipoambiwa kwamba kwanza atachomwa sindano ya usingizi ili asisikie maumivu, alibadilika. Akakataa katakata. Daktari alimbembeleza, nami nikambembeleza hadi sauti ikanikauka. Mgonjwa mwenye fahamu zake halazimishwi. Basi akawekewa dawa ya dripu, na pedi za ile mashine zikabandikwa kifuani tayari.

Dawa ilishindwa. Mapigo yalipopotea daktari hakungoja. Alipiga shoti, tukakandamiza kifua, akapiga tena, akachoma sindano, tukarudia mpaka mstari wa moyo kwenye skrini ukanyooka. Najua kwenye filamu hapo ndipo wanapopiga shoti. Haisaidii, kaka. Shoti hurekebisha moyo uliochachamaa. Uliosimama kabisa hauamki kwa shoti. Baadaye nilimkuta yule daktari analia kwenye chumba cha mashuka.

Sasa nafika penye uzito. Baba alikataa sindano kwa ajili yako. Nilikuwa nimemwambia umepiga simu, uko njiani. Akasema siku ulipoondoka nyumbani baada ya ugomvi wenu, ulichungulia chumbani kwake ukamkuta amelala, ukaenda zako bila kuaga. Mama alimwambia. Akasema safari hii hutamkuta amelala. Kisha akaniapisha nisikwambie, maana anakujua, utajilaumu mpaka kaburini.

Nimevunja kiapo cha marehemu, na inaniuma sana. Ningenyamaza milele, ila siwezi kumwona mtu asiye na hatia akibebeshwa mzigo huu. Nawe usiubebe, kama unaweza. Ulikuwa unakuja, na yeye alijua unakuja.

Mama anauliza utakuja tena lini, maana tangu mazishi hatujakuona. Msalimie wifi, wabusu watoto. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini njoo.

Ni mimi, mdogo wako.