Barua Safi ya Kuitetea Nyumba

Buxton,
Mombasa.
Jumatano, 15 Oktoba 2025

Mpendwa Areej, binti wa marehemu ndugu yangu,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Muscat, na mumeo, na mtoto? Mimi nyonga yanisumbua kwenye ngazi, lakini macho yangali yasoma, alhamdulillahi.

Nimeahirisha kukuandikia wiki nzima. Nyumba ya bibi yako kule Mji wa Kale itabomolewa, na kosa ni langu.

Mwezi uliopita ilibandikwa ilani mlangoni, kwa Kiingereza: jengo ni bovu, mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne. Shangazi yako Mwanatumu, ambaye hakuhama tulipohama sisi, aliniita mimi. Nani mwingine? Miaka thelathini niliandika barua za ofisi kule Kilindini.

Niliandika siku hiyo hiyo, mezani pake. Kisha nikakwama: "object" hufuatwa na "to" au "against"? Wakumbuka nilivyokufundisha kwamba kila kitenzi cha Kiingereza kina mwenzake? Hilo nililijua kwa aibu. Mkubwa wangu aliwahi kunirudishia barua mbele ya makarani wote, neno dogo moja limezungushiwa wino mwekundu. Basi nikaenda maktaba, nikahakikisha ni "to". Vitenzi vingine navyo nikavitilia shaka. Nikaandika upya mara sita.

Mwanatumu akipiga simu kila alasiri. "Kaka, nyumba yaanguka, wewe wapamba barua?" Nikamjibu kwamba barua mbovu ni sawa na kutoandika.

Nilihesabu siku tangu nilipoiona ilani, si tangu tarehe yake. Mimi niliyekagua kila neno, tarehe sikuikagua.

Nilipoipeleka ofisi ya kaunti, Levi, karani wa mapokezi, aliisoma yote kwa adabu. "Mzee, sijapokea barua nzuri kama hii. Lakini siku zilikwisha juzi." Nikauliza rufaa, hakuna. Akaongeza, kwa huruma, "Hata ungeandika mstari mmoja wa Kiswahili, tungeupokea."

Jana nilimkuta Mwanatumu akifunga vyombo. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Vikombe vya kahawa vya bibi yako alivifunga kwa karatasi alizozikuta mezani. Nikakunjua moja. Ilikuwa barua yangu ya kwanza, ya siku ile, na "against" yake. Ingetosha. Nikakifunga kikombe tena.

Nisalimie Ziad. Lamis mdogo mwambie asome Kiingereza, asikiogope. Shangazi yako akusalimu sana. Mungu awape huko mlango usiobandikwa ilani.

Ami yako akupendaye, asiye na la kujitetea,
Sheikhan